RAM ya 3200 inayosoma 2133: usiirudishe dukani bado

Swali: "Habari ya kazi, fundi. Niko Kondele, Kisumu, na ninahariri video za harusi na za matanga. Mwezi uliopita nilijengewa kompyuta mpya: prosesa ni Ryzen 5 5600G, bodi ni ya B450 yenye sloti nne, na RAM ni mbili za DDR4, kila moja 8GB. Kwenye lebo ya RAM pameandikwa 3200, lakini Windows inaonyesha 2133 na ile programu ya vipimo, CPU-Z, inasema 1066. Fundi wa mtaani ameniambia nimeuziwa RAM feki, nirudishe. Niliingia kwenye BIOS (ile programu ya mipangilio ya bodi) nikachagua 3200 mwenyewe kwenye orodha ya kasi; kompyuta ikawaka na kuzima mara kadhaa bila picha, halafu ikarudi 2133. RAM nimezipanga kwenye sloti mbili za karibu na prosesa, zimefuatana. Je, nimeibiwa? Na nikijaribu tena, naweza kuchoma kitu?"

Dada, usizirudishe kwanza. Ulichoeleza ndivyo RAM isiyo na kasoro inavyofanya kabla haijawekwa kasi yake, na haitoshi kumwita mwenye duka mwizi. Tena kuna jambo umelitaja mwishoni kama la kupita tu, hizo sloti mbili zilizofuatana, ambalo linakupunguzia kasi hata kuliko namba inayokunyima usingizi. Nitalifikia.

Tuanze na namba, kwa kuwa ndizo zilizoleta ugomvi. DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo wa saa yake. CPU-Z inahesabu mipigo, Windows inahesabu safari za data. Kwa hiyo 1066 na 2133 ni kasi ileile, imesomwa na watu wawili wanaohesabu vitu tofauti. Siku RAM yako itakapofika 3200, CPU-Z itaandika 1600, au pungufu kidogo kama 1597. Ukiiona hiyo usishtuke, umefika. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 utakuta pia kasi imeandikwa MT/s, yaani mamilioni ya safari kwa sekunde, badala ya MHz. Ni alama tu iliyobadilika ili ilingane na kinachohesabiwa.

Sasa, kwa nini 2133? Kila RAM ina chipu ndogo inayoitwa SPD, na ndani yake mtengenezaji ameandika kasi ambazo RAM hiyo inaziweza. Kuna kasi za kawaida, zilizowekwa na JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya RAM duniani, na DDR4 huzifikia kwa volti 1.2. Halafu kuna profaili ya pili, XMP, ambayo ni mpango wa Intel: hapo ndipo penye 3200 yako, pamoja na volti 1.35 na ucheleweshaji wake maalumu, yaani namba za muda ambao RAM husubiri kabla ya kujibu. Kompyuta ikiwaka mara ya kwanza, bodi husoma ile sehemu ya kawaida peke yake, kwa sababu haijui kama mwenyewe unataka volti zaidi. Hiyo 3200 kwenye lebo ni kasi ambayo mtengenezaji ameipima na kuihifadhi, lakini inangoja mwenye kompyuta aiwashe. Nimeshaona watu wakikaa na kompyuta miaka mitatu bila mtu yeyote kuiwasha, na aliyewajengea alilipwa vizuri.

Zipo RAM za 3200 zinazofika kasi hiyo kwa volti 1.2 bila XMP, na hizo mara nyingi hazina hata kifuniko cha bati. Zako huenda si za aina hiyo, la sivyo kwa kawaida Windows ingekuonyesha zaidi ya 2133 tangu siku ya kwanza.

Kuhusu ufeki, una njia ya kujua bila kupanda matatu. Fungua CPU-Z, nenda ukurasa wa SPD, na kule juu kushoto chagua sloti yenye RAM. Utaona jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na jedwali la safu. Tafuta safu yenye kichwa XMP-3200, na chini yake pameandikwa 1600 MHz na 1.350 V. Linganisha ile namba ya bidhaa na iliyo kwenye lebo ya RAM yenyewe, herufi kwa herufi. Zikilingana na safu ya XMP ipo kwenye RAM zote mbili, mwenye duka alikuuzia alichosema. Ikiwa hakuna safu ya XMP kabisa na zile za kawaida zinaishia chini ya 1600, basi hiyo ni RAM ya kasi ndogo iliyobandikwa lebo ya 3200. Piga picha ya skrini, chukua risiti, uende. Huo ndio ushahidi. Ile 2133 ya Windows peke yake haithibitishi chochote, na naomba umwambie hivyo fundi wa mtaani kwa heshima, maana yeye alitaka kukusaidia.

Tuje kwenye sloti, na hapa nitakaa kidogo. Prosesa yako ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na bodi yenye sloti nne huzigawa mbili kwa kila njia. Karibu na sloti, kwenye bodi yenyewe, utaona maandishi madogo meupe: A1, A2, B1, B2. Herufi ndiyo njia. Kwenye bodi nyingi, ukihesabu kutoka kwa prosesa, mbili za kwanza ni A zote. Maana yake RAM zako zote mbili zimejazana kwenye njia moja, na njia B iko tupu tangu kompyuta ijengwe.

Piga hesabu nami. Kila njia hubeba baiti 8 kwa safari. Kwa 2133, hiyo ni karibu gigabaiti 17 kwa sekunde, na wewe kwa sasa una njia moja, basi. Ukihamisha tu RAM moja bila kugusa BIOS, unapata gigabaiti 34. Ukiwasha na 3200 juu yake, kila njia inabeba 25.6, jumla 51.2. Umetoka 17 hadi 51 kwa RAM ileile, bila kuongeza hata shilingi.

Sitaki uelewe kwamba kompyuta itakuwa na kasi mara tatu. Kutoa video ya mwisho ni kazi ya prosesa zaidi, na hapo utaona nafuu ya kiasi. Lakini hukutaja kadi ya grafiki ya pembeni, kwa hiyo 5600G ndiyo inayokuchorea picha. Ile grafiki ya Vega iliyo ndani yake haina kumbukumbu yake, inatumia RAM yako hiyohiyo. Kila fremu unayoiona ukivuta mstari wa muda, kila rangi unayoweka, kila maandishi yanayopita juu ya jeneza au keki, yanapitia kwenye njia hiyo moja. Kwa prosesa za aina hii, njia mbili na kasi sahihi si urembo. Kama video imekuwa ikikwamakwama unapoicheza kabla ya kuitoa, hapa pana sehemu kubwa ya sababu.

Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Toa RAM zote mbili. Ziweke A2 na B2, ambazo kwenye bodi nyingi ni sloti ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Fuata maandishi ya bodi yako au kitabu chake kuliko kuhesabu, kwa sababu wachache hupanga tofauti. Bodi nyingi zimechorwa ili A2 na B2 zipate ishara safi zaidi, ndiyo maana si A1 na B1. Sukuma mpaka usikie kishikio kikigonga mahali pake. RAM iliyoingia nusu ni chanzo cha skrini nyeusi nyingi sana, na watu hukimbilia kulaumu bodi.

Ukiwasha, angalia tena CPU-Z, ukurasa wa Memory. Pale paliposema Single pataandikwa Dual, au pataandikwa 2 x 64-bit kwenye matoleo mapya. Usiendelee mbele kabla ya kuona hilo.

Ndipo uende BIOS. Na hapa nieleze kwa nini jaribio lako la kwanza lilikataa. Ulichagua 3200 kwenye orodha ya kasi peke yake. Uliiambia RAM ikimbie, lakini volti huenda ilibaki 1.2 na ucheleweshaji ukaachwa bodi iukisie. Tena RAM mbili zilikuwa zimebanana kwenye njia moja, hali ambayo ni ngumu zaidi kwa prosesa kuliko kila RAM kuwa na njia yake. Bodi ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, kisha ikarudi kwenye kasi salama. Ule uwaka-uzime uliokutisha ulikuwa bodi ikijilinda. Hukuchoma kitu.

Safari hii bonyeza Delete mara tu kompyuta inapowaka, uingie BIOS, na usiguse orodha ya kasi. Tafuta profaili. Kwenye bodi za ASUS za AMD huitwa DOCP, MSI huiita A-XMP, Gigabyte na ASRock huiita XMP tu. Chagua profaili ya kwanza, kisha subiri kabla ya kuhifadhi. Soma kilichobadilika: kasi iwe 3200, volti ya RAM iwe 1.35, na namba za ucheleweshaji zilingane na zile ulizoziona kwenye safu ya XMP ya CPU-Z, mara nyingi zikianza na 16. Vitu vyote vitatu vikiwa vimejiweka pamoja, bonyeza F10 uhifadhi. Mara ya kwanza kompyuta inaweza kukaa na skrini nyeusi muda mrefu kuliko kawaida, au hata kujizima na kujiwasha mara moja, kwa sababu inajifunza RAM upya. Ipe dakika mbili tatu kabla ya kuamua imekwama.

Kuhusu kuchoma: 3200 ni kasi ambayo AMD yenyewe imeiandika kuwa rasmi kwa 5600G, na 1.35 ni volti ya kawaida kabisa kwa RAM za XMP za DDR4. Joto la Kisumu halibadilishi hilo, mradi feni zinapuliza na vumbi halijaziba. Kinachoharibu ni mtu kupandisha volti kwa mkono juu ya ilivyo kwenye profaili kwa sababu alisikia kwamba volti zaidi huleta kasi zaidi. Wewe usiguse volti. Usikimbilie pia 3600 au 4000. Ndani ya Ryzen kuna saa nyingine inayotembea sambamba na ya RAM, na kwa 3200 hujipanga yenyewe kwa 1600. Iache hapo.

Isipowaka kabisa, chomoa waya, toa ile betri ya mviringo kwenye bodi, CR2032, subiri dakika tano, irudishe. BIOS itasahau ulichoweka na utaanza upya. Hakuna kinachopotea kwenye diski.

Sasa jambo ninalotaka ulisome polepole. Kompyuta kuwaka kwa 3200 si ushahidi kwamba 3200 inafanya kazi. RAM iliyo karibu na ukingo wa uwezo wake inaweza kuwaka, ikafungua Windows, ikacheza muziki siku nzima, na bado ikageuza biti moja hapa na pale. Fikiria unavyofanya kazi: unarudi kutoka Siaya na kadi ya kamera, unanakili video kwenye diski, unafuta kadi kwa ajili ya shughuli ya kesho. Kila baiti ya video hiyo ilipita kwenye RAM ikielekea diski. Biti ikigeuka njiani, diski inaandika kosa kwa uaminifu, na hutajua mpaka siku unafungua klipu ya dua ya mwisho ukute vipande vya kijani. Harusi pengine watu watavaa tena wakapigwa picha. Maziko hayarudiwi.

Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote ya mteja, pima. Pakua MemTest86, iweke kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache ifanye mizunguko yote minne ambayo toleo la bure linaruhusu. Kwa 16GB ni saa kadhaa, hivyo ianze usiku stima ikiwa tulivu. Unachotaka ni kosa sifuri. Kosa moja tu tayari ni kushindwa, na asikudanganye mtu kwamba moja si kitu. Kipimo kilichomo ndani ya Windows ni chepesi mno kukitegemea peke yake. Ukimaliza, toa video moja ndefu ya zamani ambayo tayari una nakala yake, saa nzima au zaidi, uone kama programu inafunga ghafla au skrini ya bluu inatokea. Na wiki hiyo ya kwanza usifute kadi ya kamera ya mtu yeyote.

Makosa yakitokea, usitupe RAM. Zitoe, uzirudishe vizuri, upime tena. Yakibaki, ingia BIOS, acha profaili ikiwa imewashwa lakini shusha kasi tu hadi 2933, volti na ucheleweshaji vibaki vya profaili. Unapoteza chini ya asilimia 9 ya upana wa njia, na kwa kazi yako hutaiona. Mimi ningechagua 2933 isiyo na kosa kuliko 3200 yenye kosa moja, bila kufikiri mara mbili. Kama hata kwa 2133 makosa yapo, hapo sasa RAM ni mbovu. Ipime moja moja kwenye sloti ileile ujue ni ipi, na dukani uende na picha ya makosa.

Watu watakushauri pia usasishe BIOS. Ushauri ni mzuri, kwa sababu AMD imeboresha uelewano na RAM mara nyingi kupitia masasisho hayo. Ila stima ikipotea katikati ya kusasisha, bodi inaweza kufa. Usifanye jioni ya mvua na radi zenu za ziwani. Fanya asubuhi, kompyuta ikiwa kwenye UPS, kwa faili ya bodi yako hasa, hadi namba ya toleo iliyochapishwa kwenye bodi. Na kama RAM imepita kipimo, sioni haraka ya kusasisha.

Stima hiyohiyo inaweza kukurudisha 2133 bila wewe kugusa kitu. Baadhi ya bodi, umeme ukikatika wakati kompyuta ndiyo inawaka, hudhani mipangilio ya RAM ndiyo iliyoiangusha, na hurudi kwenye kasi salama. Betri ya CR2032 ikiisha, nayo hufanya bodi nyingi zisahau kila kitu ukizima ukutani. Dalili ni saa na tarehe kurudi nyuma. Betri hiyo ni ya bei ndogo, ibadilishe tu. Jizoeze kufungua Task Manager mara mojamoja, kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja, uangalie kasi ya RAM, hasa baada ya wiki yenye kukatikakatika kwa stima.

Kwa wengine watakaosoma hapa Nakuru na kwingineko wenye zile HP, Dell na Lenovo za ofisi zilizotoka Uingereza: ninyi msitafute XMP, kwa kawaida haimo kwenye BIOS zake. Yenye i5-6500 itaishia 2133 kwa DDR4, ya i5-7500 itaishia 2400, ya i5-8500 itaishia 2666, hata ukiiwekea RAM ya bei gani. Fedha ya RAM ya XMP inunulie RAM ya kawaida ya pili ili upate njia mbili. Na mwenye bodi mpya ya Intel aangalie herufi: H410, B460, H510 na H610 haziruhusu RAM kupita kasi rasmi ya prosesa, wakati B560 na B660 zinaruhusu.

Dada, anza na kuhamisha sloti leo, XMP kesho, kipimo usiku wake. CPU-Z ikikuonyesha tofauti na nilivyoeleza, nitumie picha ya ukurasa wa Memory na wa SPD kwa RAM zote mbili, na jina kamili la bodi kama lilivyochapishwa juu yake, nikuambie ni namba gani ya kuweka.